Idara ya Kuachisha Ziwa Watoto wa Sungura

Mwaka 1949 Serikali ya Tanganyika, ikiwa imekwisha kushinda vita na kufukuza nzige, iliwatangazia raia wote wa Njombe kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto wa sungura atakayeachishwa ziwa kienyeji. Tangazo lilibandikwa sokoni, na jingine juu ya mti mmoja wa muwati porini, kwa faida ya wasiokwenda sokoni.

Mimi, Ezekia, nilikuwa mkalimani wa Idara hiyo, na nasema bila aibu kuwa mambo yalikwenda vizuri. Ofisi ilikuwa Makambako. Sungura walikuwa Njombe, maili arobaini huko. Kwa hiyo kazi ya ofisi haikusumbuliwa na sungura hata kidogo.

Mkuu wetu, Bwana Krampton, alikuwa msomi. Hakuwahi kufuga sungura maishani mwake, jambo lililomwezesha kuamua bila upendeleo. Waraka wake ulikuwa mfupi, kurasa kumi na tisa tu. Ulisema: siku ya ishirini na moja, saa mbili kamili asubuhi, mtoto wa sungura ataondolewa kwa mama yake, atapigwa muhuri sikioni, na atapewa nusu kabichi mbichi. Kuanzia saa mbili na dakika moja atahesabiwa kuwa mtu mzima.

"Na asipotaka, Bwana?" niliuliza.

"Ataelekezwa."

Tulianza kwa Yudita, mjane wa Kilutheri aliyekaa nyuma ya kanisa pale Njombe. Mwaka uliopita ugonjwa ulikuwa umewafagia sungura wake wote akabaki na jike mmoja, aliyemwita Fidelia. Sasa Fidelia alikuwa amezaa watoto saba, wanalala jikoni kando ya meko kwa ajili ya baridi. Mbegu ya Yudita ilikuwa hiyo tu.

"Kamwene, mama," nilimsalimu.

"Kamwene. Karibuni. Mwambie mzungu wako ainame, mlango wangu ni mfupi."

Bwana hakuinama. Baada ya kishindo, aliinama.

Alipoona watoto saba wako kifuani kwa mama yao, na saa yake inasema mbili na robo, alidai maelezo.

"Nyasi kavu wanazitafuna wenyewe tangu juzi," alisema Yudita, "kidogo kidogo, na ziwa bado wananyonya. Wakizoea, mama yao atawafukuza mwenyewe. Kwani wewe Ezekia, mama yako alikuachisha kwa saa ya ukutani?"

"Anasemaje?" Bwana aliniuliza.

"Anashukuru, Bwana."

"Na hiyo kabichi mliyobeba msiwape!" alidakia Yudita. "Tumbo la mtoto halijakomaa, watavimba wafe. Mwambie!"

"Anaulizia kabichi, Bwana."

"Safi sana," alisema Bwana. "Raia wana hamu."

Tukawatia watoto ndani ya sanduku. Fidelia tulimwacha, maana alikuwa amepita umri. Yudita alitufuata mpaka barabarani.

"Ezekia, ndugu yangu, mbegu yangu ni hiyo. Akifa hata mmoja, tukikutana njiani usinisalimie."

Kwenye ripoti niliandika: Raia ametusindikiza.

Banda la serikali pale Makambako lilikuwa na bati, bendera na kitabu cha wageni. Watoto walipewa kabichi na wakala, kwa kuwa chakula kilikuwepo hicho tu. Asubuhi yake matumbo yalikuwa yamekaza kama ngoma. Wawili walilala ubavu, hawatikisi hata sikio.

"Wamevimba, Bwana."

"Andika: wameongezeka ukubwa."

"Hawali tena."

"Andika: wameshiba."

Niliandika. Wino ulikuwa haujakauka ikaja simu ya maandishi: Bwana Mkubwa anatoka Dar es Salaam, wiki ijayo atawakagua hao sungura. Bwana Krampton aliisoma mara mbili, akaenda bandani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama sungura.

"Ezekia, yule mama alisema nini hasa?"

Nilimweleza neno kwa neno, pamoja na lile la saa ya ukutani.

Hatukuwa na haja ya kumwita. Mchana huo huo Yudita aliteremka kutoka lori la viazi, na tenga mkononi. Ndani ya tenga alikuwamo Fidelia.

"Wako wapi?"

Hapo ikazuka shida ya kitaratibu. Ukurasa wa kumi na moja wa waraka ulikataza mtu yeyote asiye afisa wa Idara kuingia bandani, na Bwana hakuwa tayari kuvunja sheria yake mbele ya bendera.

"Mimi siingii," alisema Yudita. "Anayeingia ni mama yao."

"Si afisa."

"Basi mfanye afisa! Mtoto anakata roho pale, wewe unasoma karatasi!"

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, na Bwana aliona hoja ina uzito. Alipiga barua kwa taipu kumteua Fidelia kuwa Afisa wa Muda wa Maziwa na Chakula Kigumu. Nikagonga muhuri. Fidelia aliipokea barua yake na kuila pembe moja, lakini zilikuwepo nakala mbili.

Afisa mpya alianza kazi papo hapo. Yudita alitoa amri akiwa nje ya uzio, na kwa kuwa mimi nilikuwa natafsiri na kuandika, aliyezitimiza ni Bwana Krampton.

"Ondoa makabichi yote! Leta nyasi kavu. Kavu, baba, hizo zina umande! Weka maji. Sasa wasugue matumbo polepole. Polepole! Unakanda unga?"

Siku ya tatu wale wawili waliinua masikio. Siku ya tisa wote saba walikuwa wanatafuna nyasi, wananyonya kidogo, na kila mmoja alipewa jani bichi la ukubwa wa ukucha, kwa majaribio. Hakufa hata mmoja.

Bwana Mkubwa alifika na mvua, hivyo badala ya banda alikagua faili. Alisoma kuwa chini ya Krampton watoto waliongezeka ukubwa mpaka wakalala ubavu. Chini ya Fidelia walipona saba kwa saba. Fidelia hakuomba likizo. Hakuomba hata kiti.

"Afisa wa namna hii sijapata kumwona Tanganyika nzima," alisema, akatia sahihi kumthibitisha cheo. Kwa kuwa Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya afisa, Krampton akawa msaidizi wake.

"Lakini Bwana, Fidelia ni sungura!" alilalamika Krampton.

"Nani alimteua?"

"Mimi."

"Basi kama ni sungura, ulikuwa umelewa. Kama si sungura, una wivu. Niandike lipi?"

Krampton alifikiri kidogo. Alichagua wivu.

Na kwa kuwa makao ya Idara ni lazima yawe anapokaa afisa, Fidelia alirudi Njombe kwa lori la viazi, na watoto wake saba, na bendera. Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Bwana Krampton alisimama mbele ya jiko la Yudita, kofia kwapani, mzigo wa nyasi kavu begani.

"Hodi!"

"Subiri hapo nje, baba," alijibu Yudita. "Afisa ananyonyesha."