Tangi la Baba Mkwe

Jumamosi, 28 Oktoba
Baridi imeingia. Sina amani. Baba mkwe, Mzee Eckehard, ameniachia nimtunzie pikipiki yake nyekundu, ile aliyokuwa akimpakia marehemu mama mkwe enzi za uchumba. Machi atakuja mwenyewe kuipiga kiki. Ikiwaka, ni yangu. Isipowaka, inakwenda kwa Gundolf, mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu Wiltrud. Gundolf! Mtu anayepiga pasi soksi.

Nimemuuliza, kijuujuu tu, petroli gani inafaa kulala tangini majira yote ya baridi. Akajibu papo hapo: ile ghali isiyo na spiriti, jaza mpaka mdomoni. Papo hapo! Mshindani gani humsaidia mwenzake upesi hivyo? Mtego huo.

Jumatatu, 30 Oktoba
Sikulala. Nimesoma kwamba petroli yenye spiriti hunyonya maji hewani. Isiyo na spiriti nayo huharibika ikikaa mno. Kila petroli ina njia yake ya kuniangamiza! Kisha akili ikanijia: petroli isiyokuwepo haiharibiki. Nimelikausha tangi lote, nikaimimina kwenye gari la Wiltrud. Nikajipongeza kwa soseji mbili.

Jumanne, 31 Oktoba
Balaa! Fundi Roswitha amenicheka mpaka akakaa chini. Tangi tupu huota kutu kwa ndani, akasema. "Krismasi ikifika utakuwa na chujio, Volkmar wee! Na leo ndiyo siku yako ya mwisho."

Kweli. Namba ya pikipiki ni ya msimu: Machi hadi Oktoba. Kuanzia kesho ikikutwa barabarani, hata ikiwa inasukumwa, ni kosa. Nje mvua inamwagika. Wiltrud kaenda na gari kwenye kwaya. Kidumu? Wiltrud alipiga marufuku vidumu vya petroli nyumbani tangu yale mambo ya chumba cha kufulia. Sitaki kuyaandika. Naogopa polisi. Naogopa kutu. Namwogopa Wiltrud kuliko vyote.

Jumatano, 1 Novemba
Sikukuu ya Watakatifu Wote. Saa tisa alasiri kijiji kizima kiko makaburini, padri anabariki makaburi. Barabara tupu! Nikamwambia Wiltrud tumbo linaniuma. Alipoondoka nikaifunika pikipiki kwa shuka la maua, nikaisukuma kuelekea kituo cha mafuta, roho juu. Njia inapita kwenye lango la makaburi. Padri ana mafua mwaka huu; akafupisha sala. Lango likafunguka.

Wote! Baba mkwe mbele na fimbo yake. Akauliza ni nini hicho. Ulimi ukajisemea wenyewe: nimemletea marehemu mama pikipiki yake, aione. Mzee akalia. Nami nikalia, kwa hofu. Akaliondoa shuka, akanishika bega. "Basi iwashe, mwanangu. Aisikie."

Nikapiga kiki mara kumi na moja. Gundolf akafungua tangi, akachungulia, akatangaza kwamba humu hata harufu hakuna. Wiltrud akanitazama. Tumbo likaanza kuniuma kweli.

Gundolf akaenda kwenye gari lake, akarudi na kidumu cha ile ghali, akajaza mpaka mdomoni. Kiki mbili, ikanguruma. Mzee akavua kofia, akaliangalia kaburi. Kisha akanigeukia. Amenisamehe kwa ajili ya marehemu, akasema, mara hii tu. Niirudishe nyumbani hivyo hivyo ilivyojaa, nisiiguse mpaka Machi. Nikaapa mbele ya padri.

Jumamosi, 4 Novemba
Pikipiki imelala, tangi limejaa. Wiltrud ameanza kunisemesha tena, maneno mafupi mafupi. Ningeweza kulala.

Lakini hebu nifikiri. Mtu gani huenda makaburini na kidumu cha petroli garini? Alijua! Ametia nini mle ndani?

Nimenunua mpira mrefu wa kunyonyea petroli. Kesho Wiltrud akienda kanisani, nalikausha tangi.