Balbu ya Musonda Inayoniulia Vivuli

Kamalondo, Élisabethville
Tarehe 27 Novemba 1956

Kwa Baba Mheshimiwa Ngosa Adrien,
Mkuu wa Mtaa wetu

Baba Mheshimiwa,

Ninakuamkia kwa heshima zote, mimi mwanao Kapya Donat, fundi umeme, mwenye nyumba ya tatu kutoka bombani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na goti lako nalo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa moyo, hapana, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafunga taa katika bustani za Wazungu kule mjini, kwenye nyumba zenye maua mpaka barabarani. Kazi hiyo imenifundisha jambo ambalo watu wa mtaa wetu hawajalisikia: taa ya nje si ya kuonea. Taa ya kuonea ni ya hospitali. Taa ya nje ya nyumba yenye heshima ni ya kutazamwa, na hata hapo haitazamwi taa yenyewe bali nuru yake. Taa hufichwa. Hulazwa chini ya jani, nuru ikapanda polepole ukutani, ikagusa shina la mti, ikaishia hapo. Panapobaki giza, giza huachwa, kwa maana giza nalo ni pambo, kama ile nafasi iliyopo kati ya shanga na shanga.

Basi umeme ulipofika barabara yetu mwezi wa sita, wenzangu walitundika kila mmoja balbu yake mlangoni, wakamaliza kwa nusu saa. Mimi nilitumia Jumapili kumi na nne. Nilikata makopo ya maziwa ya unga, nikayapaka rangi nyeusi, nikatia ndani balbu ndogo zenye nuru ya rangi ya asali. Manne niliyapanga kando ya njia itokayo langoni, chini kabisa, yaangaze kokoto peke yake. Moja nililificha nyuma ya mpapai. Jingine nililielekeza kwenye ukuta wa matofali, ili vivuli vya majani ya mpapai viangukie pale na kucheza kila upepo unapopita. Sijisifu, Baba, lakini siku nilipoziwasha mara ya kwanza machozi yalinilenga.

Niliwaalika majirani wasimame barabarani watazame. Walikuja kama ishirini. Wakainama, wakakodoa macho, nami nikajua uzuri umewateka. Kisha Mama Hortense, yule anayeuza kinywaji cha munkoyo, akanisogelea, akanishika mkono, akasema kwa huruma: "Pole, Baba Brigitte. Courant ya taa za kwenu imekatika?"

Hilo nililisamehe. Lakini wiki ileile jirani yangu Musonda, fundi wa karakana ya garimoshi, alisimamisha mlingoti wa mkaratusi katikati ya uwanja wake, akafunga juu yake balbu moja ya wati mia mbili, uchi kabisa, na juu ya balbu akagongomelea sahani ya bati. Tangu siku hiyo sina amani. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Kuhusu vivuli. Nuru ya Musonda inaruka ua na kuingia kwangu bila hodi. Vivuli vyangu vyote vya ukutani vimekufa. Mbuzi wake akivuka ua, tunamfunga kamba na kumrudisha. Nauliza, nuru yake kwa nini isifungwe kamba? Nilimwendea kwa upole nikamweleza jambo lote, na habari za shanga nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akafurahi sana. "Kumbe inafika mupaka kwako? Merci Mungu! Basi usinunue ingine."

2. Kuhusu mke wangu. Laurentine amebeba jiko lake la mbabula na makaa yake, sasa anapika uwanjani kwa Musonda pamoja na wake wengine saba wa mtaa. Nilimuuliza kwa nini ananidhalilisha. Akanijibu mbele ya watu: "Mupapai niko naona muzuri kabisa. Sufuria njo siioni." Ni kweli kwamba kabla hajahama maharage yalitiwa chumvi mara mbili, na Jumatano moja nilikuta kitambaa cha kushikia sufuria ndani ya mboga ya sombe. Lakini mbele ya padri niliapa kumpenda katika raha na katika shida. Kumwangazia sufuria sikuapa.

3. Kuhusu inswa, wale kumbikumbi wa mvua za kwanza. Kichuguu chao kiko kwangu, nyuma ya choo. Wamezaliwa kwangu, wamelelewa kwangu, na udongo wanaoutafuna mwaka mzima ni wangu. Jioni walipotoka kwa maelfu, walipita juu ya taa zangu bila hata kugeuza shingo, wakaenda kwa Musonda, na wanawake wakawakinga kwa mabeseni. Kwangu alikuja mmoja, tena mwenye bawa moja. Nadhani hakuja, alianguka. Naomba mtaa utamke wazi: inswa ni wa nani, wa aliyewalea au wa aliyewarubuni?

4. Kuhusu wakwe. Hapa, Baba, naomba uketi.

Jumapili tarehe nne ya mwezi huu, ndugu wa kijana Mwaba anayetaka kumwoa binti yangu Brigitte walifika kutoka Kasomeno kujitambulisha. Walisafiri siku nzima juu ya lori la samaki. Walikuwa watano, wakiongozwa na mjomba wa kijana, Mzee Mutale. Nilikuwa nimemsihi Musonda, kwa heshima ya jioni hiyo moja, azime balbu yake, naye akakubali bila ubishi. Nikawasha njia, mpapai na ukuta. Vivuli vikafufuka. Nikavaa suti yangu nyeusi, nikasimama mlangoni.

Wageni waliingia langoni, wakaona taa ndogo zimepangwa chini mfululizo, nyumba iko kimya, na mtu mmoja amesimama na suti nyeusi. Mzee Mutale akavua kofia. Wenzake wakavua. Wakaja kwa hatua fupi, wakanipa mkono mmoja mmoja bila neno, wakaketi chini. Viti vilikuwepo, lakini hawakuviona. Mama mmoja aliyekuwa pamoja nao akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kutikisa mabega. Nikasema moyoni: kumbe watu wa Kasomeno wanajua kazi nzuri wakiiona. Nami nikanyamaza ili nisiwaharibie.

Tulikaa hivyo nusu saa nzima. Laurentine alikuwa ndani na Brigitte, wakingoja kuitwa. Kwa kusikia kimya kile, Brigitte akaamini amekataliwa, akaanza kulia. Kilio kilipotoka ndani, wageni wakakiitikia nje. Mzee Mutale akaniinamia sikioni: "Jikaze, ndugu yangu. Ni nani alituacha?"

Papo hapo Musonda alichungulia juu ya ua. "Baba Brigitte! Bale bageni ba ndoa bamefika? Bibi yangu anauliza kama aanze kusonga bukari!"

Mzee Mutale akasimama. "Ndoa? Hapa hakuna matanga?"

Musonda akawasha balbu yake bila kuombwa. Kila kitu kikaonekana mara moja: viti, machozi, na Brigitte mlangoni na gauni lake la manjano, pua imevimba. Mzee Mutale alimtazama msichana, akautazama mpapai, akalitazama kopo langu la maziwa, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Brigitte naye akacheka huku bado analia, na yule mama wa kitambaa akamkumbatia akisema, "Mutoto muzuri hivi, tungemuzika bure!"

Wote walihamia kwa Musonda. Posa ilizungumzwa kule, samaki wakavu walikabidhiwa kule, na binti yangu alikubaliwa kule. Mimi, baba mzazi, niliketi kwenye kiti cha kuazima, nikimulikwa kama gunia la mahindi sokoni. Sikatai kwamba nilifurahi. Nalalamika kwamba nilifurahishwa mahali pasipo na urembo wowote.

5. Kuhusu wewe mwenyewe, Baba. Hili naliandika nimeinamisha kichwa. Alhamisi jioni nilikuona chini ya balbu ileile ukicheza dama na Kasonde mshonaji, ukamla kete nne kwa mpigo mmoja. Hongera. Lakini balbu inayoweza kumtoa Mkuu wa Mtaa kwenye baraza lake ni hatari kwa utawala.

6. Kuhusu mwezi wa angani. Katikati ya mwezi huu, siku tatu mfululizo, uliangaza paa, choo, kuku na watu sawasawa, bila kuchagua, kana kwamba umefungwa na Musonda. Najua mwezi hauko chini ya ofisi yako. Hata hivyo padri wa parokia ni rafiki yako, naye ana watu huko juu.

Kwa hiyo naomba balbu ya Musonda iteremshwe. Ikiwa haiwezekani, basi mtaa wote uzime taa kila jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, watu wazoeze macho. Watakaojikwaa wapewe mafunzo ya kutembea penye giza la kupendeza. Nitayatoa mwenyewe, bure. Na wale watakaoendelea kudai kuona sufuria, sura za wakwe au kete za dama, waandike kwanza maombi kwako wakieleza kwa nini hasa wanataka kuona. Kuhusu mwezi sitaki makuu: upunguzwe Jumapili tu.

Ninaishia hapa kwa kuwa karatasi imekwisha. Malalamiko bado yapo. Nisalimie mama, wanao wote na wajukuu, Kasonde mshonaji na kete zake zilizobaki, na Mama Hortense. Musonda usinisalimie. Tunaonana kila jioni, tena vizuri mno.

Ni mimi mwanao mtiifu, mpenda giza la heshima,
Kapya Donat
Fundi umeme

N.B. Harusi ya Brigitte imepangwa Jumamosi tarehe 12 Januari, na sherehe itafanyika uwanjani kwa Musonda, kwa kuwa ndipo watu watakapoonana. Tafadhali agizo la kuteremsha balbu lisitoke kabla ya siku hiyo. Wala lisitoke mara baada yake, kwani Laurentine ameapa kwamba balbu ikihamishwa, ataifuata na kitanda. Ikiwa umekwisha kuliandika, naomba ulichane. Mzee Mutale ametuma habari kwamba inahitajika balbu ya pili upande wa wapiga ngoma. Musonda ameniomba niifunge mimi, nami nimekubali: wati mia mbili, uchi, na sahani yake ya bati. Mwisho, niwie radhi kwa mwandiko wa ukurasa wa kwanza, ambao mistari yake imepandana na maneno mengine yametoka nje ya karatasi. Huo niliuandikia nyumbani kwangu. Kuanzia ukurasa wa pili utaona nimenyooka.