Jinsi Optatus wa Märsta Alivyochagua Keekee ya Barafu

Ketini, enyi watu wa mabwenini na wa sebuleni, nanyi mliojificha jikoni mkidokoa nyama. Fumbeni vinywa, tegeni masikio, maana ninayo habari ambayo wanahistoria wote wa dunia wameiacha kwa uzembe wao. Sisimulii vita vya wafalme. Wafalme walikuwa na majeshi, na mwenye jeshi hata akilala usingizi hushinda. Namsimulia mjomba wangu Optatus wa Märsta, mtu mzima mwenye kiuno kibovu, ambaye Ijumaa moja ya Februari alikwenda Stockholm kuchagua keekee ya kutobolea barafu, akarudi akiwa nayo.

Huyu Optatus, Msafishaji wa Matumbo ya Ndege, Mshika Ufagio wa uwanja wa Arlanda kule Uswidi, aliyeokota chini ya viti vya abiria vitu ambavyo kalamu yangu iliyolelewa vizuri haitavitaja, alikuwa na jeraha moyoni. Mwaka uliotangulia wenzake wa kazini walimchukua ziwani kuvua. Huko, maji yakiisha kuganda, mtu hutoboa tundu kwenye barafu, hukalia kigoda, huteremsha ndoana na kusubiri. Optatus akaazimwa keekee ya manjano. Akajitenga mbali, kwa kuwa mashujaa hawapendi kuelekezwa, akaizungusha robo saa nzima, na barafu ikabaki ikimng'aria kama sakafu ya benki. Akarudi akitangaza kwamba keekee ile ni butu, ni takataka, na aliyeiunda hana utu. Wenzake wakamkabidhi chupa ya chai ailinde hadi jioni.

Tangu siku ile Khalfan wa Tanga, mwenzake wa zamu, akampa cheo kipya.

“Shikamoo, Mlinzi wa Chupa,” humwambia kila asubuhi mbele za watu. “Chai haijambo?”

Mwaka mzima Optatus alijitetea kwa kuitukana keekee ya manjano. Aliitukana harusini, aliitukana nje ya kanisa baada ya misa, aliitukana hata kwenye msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuvua maishani mwake. Na sasa safari nyingine ilikuwa kesho yake, naye ameapa kufika na silaha yake mwenyewe. Akishindwa tena, chupa itakuwa yake hadi atakapostaafu.

Basi isikieni hekima yake. Kwao Ukerewe hakuna anunuaye balbu kabla mwenye duka hajaiwasha mbele ya macho yake, wala redio kabla haijaimba. Vipi anunue keekee ambayo hajaiona ikitoboa? Akaijaza maji ndoo kubwa ya mkewe Flaviana, ile anayokandia unga wa maandazi, akaiacha roshanini wiki nzima mpaka ikawa jiwe. Siku ilipowadia akaikumbatia kama mtoto wa ubatizo, akapanda treni ya kwenda mjini, kushoto kwake Flaviana, kulia kwake Khalfan, ambaye alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kuwa shahidi wa maafa.

Ndani ya behewa palikuwa na joto la kuivishia ndizi. Adui huyo asiyeonekana akaizingira ndoo pande zote.

“Baba Bella, inatoa machozi,” akasema Flaviana.

“Haitalia mbele yangu!” Akavua koti lake, akaifunika gubigubi.

“Sasa unaipasha moto,” akasema Khalfan.

“Koti halina moto, bwana. Moto uko kwa mtu.”

Abiria wakatazama madirishani kwa adabu ya Kiswidi, ambayo ni kuona kila kitu na kutouliza lolote.

Dukani keekee zilipangwa ukutani kama silaha za kikosi, na chini yake alisimama muuzaji, binti mmoja aitwaye Emilia. Optatus akachukua karatasi ya namba ya foleni, ingawa hapakuwa na mteja mwingine, akangoja namba yake kwa heshima zote. Ilipoitwa, akaitua ndoo juu ya kaunta na kuhutubia kwa Kiswidi cha sherehe:

“Ewe mlinzi wa vyuma! Sikuja kuchagua kwa rangi wala kwa sifa za kwenye boksi. Nimekuja na barafu yangu. Ziletwe zote zipigane, nami nitaondoka na itakayosalia.”

“Jaha,” akasema Emilia. Hilo ni neno la Waswidi linalotosha harusini, mazishini na kwenye mafuriko. Kisha akatwaa keekee mbili, akawatoa nje, nyuma ya duka.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, yenye mdomo mpana kama sufuria.

“Hii!” akasema Optatus. “Sangara hapiti kwenye tundu dogo.”

Emilia akanyoosha kiganja kuonyesha urefu wa samaki wa huku. Optatus hakukitazama. Flaviana akaibana ndoo kwa magoti, shujaa akazungusha, keekee ikaing'ata barafu na kukataa kuiachia, na ndoo ikazunguka, na Flaviana akazunguka nayo.

“Optatus! Mimi si barafu!”

Ya pili ilikuwa ya buluu. Safari hii Khalfan aliishika ndoo, na keekee ikala barafu polepole kama mgonjwa anayelazimishwa uji. Ilikula, lakini kidogo.

“Nayo ile ya manjano pale ndani, pacha wa ile ya ziwani?” akauliza Khalfan, mchokozi.

“Ile? Ngoja niwaonyeshe aibu yake!” Optatus akaingia, akaing'oa ukutani kwa mikono yake, akarudi, akaisimika na kuzungusha kwa hasira ya mwaka mzima. Barafu haikutoa hata chembe. “Mnaona? Mnaona wenyewe? Nilisema!”

Emilia akainama. Kwa kidole kimoja akabandua kwenye makali kifuniko cha plastiki kinachopitisha nuru kama kioo.

“Jaribu tena,” akasema.

Keekee ikashuka. Ikashuka kama kijiko ndani ya mtindi, ikapita barafu yote, ikapita na kitako cha ndoo, ikagusa lami ya Stockholm.

Wasafiri wote watatu walijua sasa kilichotokea ziwani mwaka jana, na Khalfan alikuwa ameshafungua kinywa, tayari kuvuna.

Lo, njia panda za mashujaa! Angeweza kuichukua ya buluu, na matusi yake ya mwaka mzima yangesimama imara. Au aichukue ya manjano, tena mbele ya Khalfan. Optatus akaitazama ya buluu. Akaitazama ya manjano. Kisha akaipangusa ya manjano kwa mkono wa sweta, akaiinua juu.

“Ndugu zangu,” akasema, “yaliyopita kati yangu na keekee hii yamepita. Nimeisamehe.”

Flaviana akainua ndoo yake, akamchungulia mumewe kupitia tundu.

“Na yenyewe imekusamehe?”

“Mama Bella, mimi nayo bado tunazungumza.”

Khalfan akacheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, na kila alipotaka kusema neno, kicheko kililimeza.

Andikeni basi, enyi watunga mitaala, na mwalimu aulize katika mtihani wa mwisho: siku ile huko Stockholm, nani alimkosea nani, na nani akasamehe? Atakayejibu kwa akili zake mwenyewe apewe sifuri.