Magoti ya Mama na Pilipili Zangu

Jumatatu, 14 Julai
Nimefika Didia kutoka machimboni Geita. Mama hasimami bila kushika ukuta. Magoti! Jumapili ni misa ya mwaka mmoja tangu Baba azikwe, na Mama ameapa kwenda kaburini kwa miguu yake. Wiki ya tatu sasa dada yangu Noela, muuguzi, anampaka dawa ya pilipili. Kidogo kidogo, kila siku. Eti inachoma kwanza, halafu mishipa ya fahamu inachoka kupeleka habari za maumivu. Eti nafuu imeanza. Mimi siioni.

Jumanne, 15 Julai
Machimboni mwamba ukiwa mgumu, tunaongeza baruti. Noela alipokwenda zahanati, nikatwanga pilipili kichaa vikombe viwili, nikachanganya na mafuta ya alizeti, nikampaka Mama magoti yote mawili. Yowe alilopiga! Majirani walikuja mbio wakidhani tumefiwa tena. Nikammwagia maji. Ikawa balaa! Noela akarudi, akamfuta kwa mafuta, kisha kwa sabuni, akinifokea kwamba ukali wa pilipili haukubali maji. Nikalia. Nikajifuta macho kwa mkono uleule.

Jumatano, 16 Julai
Magoti ya Mama ni mekundu. Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Hilo limeniuma kuliko jicho.

Ijumaa, 18 Julai
Noela alisimamisha dawa mpaka ngozi itulie. Anasema huenda nimemkosesha Mama misa. Nimekaa nyuma ya zizi. Sikumzika Baba, nilikuwa shimoni, habari zilinifikia nimechelewa. Na sasa hili.

Jumapili, 20 Julai
Mama amekwenda! Polepole, kwa fimbo, Noela kushoto, mimi kulia. Kaburini akamwambia Baba kwamba mimi, Herman, nimekuja, na kwamba bado niko vilevile kama alivyoniacha. Nilimwamkia tena. Akaitikia marahaba, akaniita ng'wanawane, mwanangu, kwa Kisukuma chake. Nililia bila pilipili.

Noela anasema ni zile wiki tatu za kidogo kidogo. Anajisifu! Wiki tatu mwamba haukutikisika. Nimelipua Jumanne, Jumapili Mama anatembea.

Mihayo, mwenzangu wa shimoni, amepiga simu: kiuno kinamuua. Nimemwambia asiguse dawa ya mtu. Narudi kesho. Yeye ana mwili mkubwa. Vikombe vinne.