Kibodi Imegoma na Uchaguzi ni Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Mpango umekamilika kichwani. Jumamosi wapangaji wa jengo letu tunachagua katibu, na katibu hukabidhiwa ufunguo wa kile chumba cha chini, chini ya ngazi. Chumba kina dirisha. Chumba kina soketi nzima! Kompyuta yangu itahamia humo na mimi pamoja nayo.

Ni lazima nishinde. Mke wangu ni fundi cherehani na ametangaza kwamba meza ya pembeni anaitaka kwa mashine yake ya pili. Kompyuta isipopata pa kwenda, Jumapili anampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Amesema kwa upole. Akisema kwa upole ndipo ninapoogopa. Kompyuta hii ninayo tangu nilipokuwa na nywele.

Mpinzani ni mmoja, Kinyozi wa chini. Ana mwandiko mzuri, watu wanausifu mpaka kero. Mimi nimeahidi hadharani kwamba Jumamosi nitaleta kanuni za jengo zimechapwa, kila mpangaji na nakala yake. Mwandiko ushindane na mashine? Thubutu!

Nimenunua pia habu, kile kidude unachokichomeka kwenye tundu moja la USB kikakupa matundu saba. Nusu ya soketi za jengo zimeungua, na mwenye nyumba kila siku anasema kesho. Watu wanahangaika kuchaji simu. Kwa hiyo tundu ni kura! Mkono mtupu haulambwi. Ndani ya boksi mlikuwa na adapta ndogo nyeusi, ya kuchomeka ukutani, sijui ya nini. Habu inawaka taa bila hiyo. Nimempa Kinyozi kwa ajili ya redio yake, nikamdokeza kwamba mwungwana akipewa kitu hagombei. Alishukuru sana.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi anagombea! Anasema alidhani nimempa kwa ujirani mwema tu. Shukrani ya punda ni mateke.

Si neno. Nimegawa matundu. Nesi wa ghorofa ya juu, simu. Fundi viatu, simu na tochi. Mke wangu, taa ya cherehani. Kura yake siitegemei, lakini nyumba inahitaji amani. Mama mkwe, ambaye yuko hapa kututembelea na hana kura yoyote, akaomba tundu la feni yake ya mezani. Mkwe hanyimwi. Feni ikazunguka, akaniita mwanangu.

Jioni nikakaa kuchapa. Kanuni ya kwanza, kila mpangaji afagie mbele ya mlango wake. Nilifika "kila mpangajiiiiiiiiii" kisha kibodi ikanyamaza. Vitaa vyake vikazimika. Kompyuta ikalia ti-tung na kuandika kwamba kifaa cha USB hakitambuliki. Hakitambuliki! Miaka yote hii tumekula makombo pamoja!

Jumatano, 5 Machi

Nimeipindua kibodi na kuikung'uta. Vilivyotoka: makombo ya mkate, sindano ambayo mke wangu alimlaumu dada yake kwa kuipoteza, na kipande cha ukucha ambacho hakuna anayekidai. Sindano nimeificha. Nimefuta vitufe kwa spiriti. Nimezima, nimewasha. Nimeihamisha kibodi kutoka tundu la kando ya feni nikaiweka kando ya simu ya nesi. Ikaamka, ikaandika herufi tatu, ikalala.

Lakini kuna jambo. Mama mkwe alipokwenda kuoga alizima feni, na kibodi ikafanya kazi safi kabisa! Nikachapa kanuni mbili bila kosa. Aliporudi akawasha feni, kibodi ikafa. Nimelitafakari sana jambo hili. Jibu ni moja tu: kibodi, kama mimi, haiwezi kufanya kazi mbele ya mkwe.

Mke wangu akasema, bila kuinua macho kwenye pindo, kwamba pengine feni inakula umeme wote wa kile kidude. Nikamwambia kila fundi na fani yake. Akasema basi niitoe kibodi kwenye habu, niichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta.

Hapo ndipo pagumu. Mgongo wa kompyuta umetazama ukuta, na kuufikia lazima nivute meza. Nami nilishamwambia mke wangu kwamba meza ile haisogei, imeng'ang'ania sakafu, ndiyo maana kompyuta haiwezi kuondoka. Nikiivuta nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nimemjibu kwamba nyuma hakuna matundu.

Ijumaa, 7 Machi

Dada wa duka la kopi ameniazima kibodi yake mpya. Nayo imekufa. Kibodi mbili hazifi kwa bahati mbaya. Nimemwona Kinyozi akipita mlangoni petu akipiga mbinja.

Kanuni bado ni mbili. Kesho ni mkutano. Feni haizimwi, na mtu hawezi kumwambia mama mkwe azime feni yake, nitauweka wapi uso wangu? Nikapanga. Nikamweleza mama kwa heshima zote kwamba nesi wa juu anapima presha za wageni bure, na kwamba leo ndiyo siku. Alifurahi, akajitanda khanga, akapanda ngazi. Feni akaiacha inazunguka ili akirudi akute ubaridi. Nikanyemelea. Nikauchomoa waya. Kibodi ikawaka! Nikaweka vidole tayari.

Nesi hakuwepo. Mama mkwe alirudi akanikuta nimeinama, waya wa feni mkononi. Nikasema nilikuwa naifuta vumbi. Machozi yakamlengalenga. Akamwita binti yake aje aone mume aliyempata, kisha akaomba nifute na mapanga yake, moja moja, kwa kitambaa chenye maji, na kile kifuniko cha wavu pia. Nimefuta mpaka alasiri. Mke wangu alicheka hadi akasimamisha cherehani. Baada ya hapo feni ikawa na nguvu kuliko jana, na kibodi haikuwaka tena hata kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa.

Mkutano ulikuwa uani, kwenye viti vya kuazima. Nilisimama na karatasi yangu moja yenye kanuni mbili na "mpangajiiiiiiiiii". Nikaeleza kwamba hayo ni utangulizi. Kinyozi akafuata na kanuni zake zote, kaziandika kwa mkono, mistari imenyooka, akazibandika ukutani. Watu walisogea kuzisoma na kutikisa vichwa kwa raha.

Nesi alimchagua yeye. Nilipomkumbusha kuhusu tundu lake akasema simu yake haijawahi kujaa tangu ailete kwangu, usiku kucha inachaji na asubuhi iko pale pale. Fundi viatu hivyo hivyo. Mke wangu alimchagua yeye pia, mbele yangu, mkono juu kabisa. Alisema ni kwa sababu zile kanuni zinasomeka. Kwangu ilinyooshwa mikono miwili, wangu na wa mama mkwe. Wa mama mkwe ukafutwa kwa kuwa si mpangaji. Alibisha sana, mama wa watu.

Niliumia, sitaficha. Nimerudi nikaifuta skrini ya kompyuta kwa shati langu. Ilikuwa safi tayari, nilitaka tu kuigusa.

Jumapili, 9 Machi

Hodi ikapigwa. Nilijua ni mnunuzi wa vyuma chakavu, nikajifungia chooni. Alikuwa Kinyozi, na ufunguo mkononi.

Alisema chumba cha chini ni kikubwa mno kwa katibu na ufagio wake. Niilete kompyuta. Yeye ataandika, mimi nitachapa, ujirani utabaki. Akanirudishia na ile adapta nyeusi. Redio imenguruma nayo wiki nzima, akaona kumbe ncha yake inafanana na kitundu kilicho ubavuni mwa habu, yaelekea ni yake. Nilimwambia asante, na safari hii niliimaanisha.

Tukaivuta meza. Ilisogea kwa kidole. Mke wangu aliitazama meza, akanitazama mimi, akaitazama tena meza. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu manne ya USB, meupe kwa vumbi. Aliyatazama na hayo.

Chini tukachomeka adapta ukutani, ncha ubavuni mwa habu. Loo! Feni inazunguka, taa inawaka, simu zinajaa, na kibodi inaandika i moja unapotaka i moja. Mama mkwe kashuka na kiti chake kwa ajili ya dirisha. Nimechapa kanuni zote mbele ya mkwe bila kutetereka. Mke wangu kapata meza yake, nami nimepata chumba bila hata kura moja zaidi ya yangu. Machozi yalinilenga. Kinyozi ni mtu mwema. Naandika hivi ili siku nikisahau nijisomee.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema. Mpango umekamilika kichwani. Uchaguzi mwingine ni mwakani, lakini mbio za sakafuni mimi sizitaki, naanza mapema. Nesi ndiye wa kuanza naye. Leo alishuka kuchukua simu yake, imejaa pomoni, akanisifu mbele ya mama mkwe. Akasema tatizo lake sasa ni spika yake ndogo tu, imepoteza adapta.

Nikaangaza macho chumbani. Ile nyeusi ilikuwa pale ukutani, haina kazi ya maana. Nikaichomoa, nikampa. Habu inawaka taa bila hiyo. Nesi akasema hatausahau wema huu. Kura moja kibindoni!

Alasiri nikakaa kuchapa tangazo la usafi. Kibodi imegoma katikati ya neno "wapangajiiiiii". Nimeikung'uta, hakijatoka kitu. Nimeifuta kwa spiriti. Mama mkwe ananiangalia kwa huruma kutoka nyuma ya feni. Nimewaza sana na sioni sababu nyingine: ni Kinyozi. Ufunguo wa pili anao yeye, na mtu hawi mwema kiasi kile bila kuwa na lake jambo.