Mwenye Boza

Asubuhi moja mjini Kibiti, boza, lori la tangi la maji la mkandarasi, lilipita likimwagia barabara inayochimbwa, na vumbi likalala nyuma yake kama mtoto aliyeshiba. Wenye nyumba walitoka vibarazani wakisema alhamdulillahi. Sadala, mgeni aliyepanga chumba mtaani hapo, akaweka kikombe chake cha chai chini. Hapa, aliwaza, pana shukrani nyingi na hakuna wa kuzipokea.

Mwenyezi Mungu amsamehe, siku ile ile akaanza kuzipokea yeye.

Alianzia kwa Bi Zabibu, ambaye binti yake Warda alikuwa ndani na kichanga, arobaini bado iko mbali. Kichanga kilikohoa hata nyumba nzima ikakosa raha.

"Shikamoo, mama. Boza lile mimi ndiye ninayelipangia njia. Wakubwa wanataka nilihamishe. Nimewaambia, kwa Bi Zabibu kuna mzazi."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Kazi yetu ni kujali watu, mama."

Bi Zabibu alimpima mabega kwa macho, kisha akampa kamba wakavu kutoka Salale. Kesho yake boza likapita, kama lilivyopita jana na juzi. Haikupita wiki, mtaa mzima ukawa unamlisha Sadala mchele, nazi na mayai. Mzee Mwinyimvua, muuza saruji, alileta jogoo pamoja na ombi la faragha: maji yaishie mlangoni pake, yasifike kwa jirani anayeuza saruji pia.

"Gumu kidogo, mzee," alisema Sadala kwa huzuni. "Jogoo peke yake atakuwa mpweke."

Akaongezewa tetea. Boza likawamwagia wote. Sadala akaeleza kwamba ya jirani ni maji matupu, ila ya Mwinyimvua yana dawa. Mzee akaondoka kifua mbele.

Ndipo boza likaacha kuja. Malori yakapita, vumbi likaingia hadi kwenye vyungu. Wanawake wa mtaa wakamkuta Sadala mlangoni kwake akichoma kamba.

"Mwanangu, boza lako liko wapi?" aliuliza Bi Zabibu.

Sadala akapima. Akisema si lake, amekuwa mwizi wa kamba, mchele na kuku wawili.

"Limeharibika. Linangoja kifaa."

"Pole." Akamkabidhi ndoo mbili. "Basi utamwaga kwa mkono mpaka lipone."

"Mgongo wangu, mama, si mzima."

"Kamba wangu waliliwa na mgongo au na tumbo?"

Akachota kisimani, akamwaga, barabara ikanywa yote ikaomba tena. Mwinyimvua alimsimamia kutoka dukani: "Kwangu weka yale yenye dawa."

Hata hivyo kichanga kiliendelea kukohoa.

"Ongeza ndoo," waliamua wanawake.

Sadala, mabega yakiwaka moto, akachungulia chumbani kwa Warda. Madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya vumbi, jiko la mkaa liko kando ya kitanda, ubani unafuka. Akakohoa yeye mwenyewe.

"Toeni jiko nje," alisema. "Fungueni dirisha la uani. La barabarani litundikieni kanga iliyoloweshwa."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kweli tangu afike Kibiti, na aliyasema kwa kuyahurumia mabega yake. Mola hupitisha kheri popote apendapo. Usiku ule kichanga kililala.

Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje, mzima. Sadala akakaribishwa kwenye sinia la pilau. Mwajabu, jirani wa Bi Zabibu, akamsogezea mayai ya kuchemsha.

"Nimemaliza kazi, mama," alisema Sadala. "Boza likipona, nitawaletea."

"Tamimu, dereva wa boza, ni mtoto wa dada yangu," alisema Bi Zabibu akimwongezea nyama. "Alinidokeza mapema kwamba wanahamia Ikwiriri. Nikawa natafuta mtu wa kutumwagia maji, nawe ukaja mwenyewe na shikamoo yako. Wale kamba hukutuibia, mwanangu. Ulikuwa mshahara."

Sadala akaacha kutafuna. Yai la pili lilikuwa limeshapita koo.

"Na hayo mayai ni yangu, kaka," alisema Mwajabu, akijishika tumbo lake kubwa. "Mimi najifungua mwezi ujao."