Matairi Mapya ya Daktari

Gari liliposimama ng'ambo ya barabara, Daktari alikuwa anachokonoa meno, akaacha. Halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa na mapazia madirishani, na ndani yake vitanda, jiko na choo: nyumba nzima yenye usukani. Matairi yake yalikuwa yamepasukapasuka ubavuni kama visigino visivyojua mafuta. Akashuka mzee mwenye viatu vinavyong'aa, akayatazama, akasonya.

"Riziki imejileta yenyewe," Daktari akamwambia fundi wake, akavaa koti lake jeupe.

Hakuwa daktari wa kitu chochote. Jina alijipa mwenyewe siku alipofungua duka la matairi, na koti alilinunua mtumbani. Aligonga tairi kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa, na watu wazima wenye akili zao walisimama kimya kusubiri majibu. Tusiwahurumie sana. Anayetaka kitu kipya kwa bei ya kikuukuu huwa ameshajitapeli nusu nzima kabla hajafika dukani. Daktari alikuwa anamalizia tu.

"Shikamoo mzee wangu. Gari linaumwa hili."

"Marahaba. Najua. Nilikuwa dalali wa mnada, sasa nimestaafu, nataka kuzunguka kabla miguu haijagoma. Nipe mapya, ila usinichune."

"Gari kama hili linalala kuliko linavyotembea, mzee. Tairi linazeeka limesimama, na meno yake bado mazima. Hapo ndipo watu wanapigwa. Mimi nakupa mapya ya kwenye nailoni, na bei nakupa ya mzazi."

Nailoni ilikuwa mpya kweli, hatuwezi kumsingizia. Matairi yaliyofungwa humo yalikuwa yamekaa ghalani mpaka mpira ukakakamaa, kisha yakapakwa dawa ya kung'arisha. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, na haya yalitengenezwa mzee akiwa bado ananadi makochi. Kwa hiyo fundi alikuwa na amri moja: namba ziangalie ndani, chini ya gari, ambako mtu wa viatu vya kung'aa hatambai. Mapya ya kweli yalikuwepo pia, nyuma ya duka chini ya turubai, kwa ajili ya wateja wasumbufu wanaokuja na tochi.

Wakapatana. Fundi akaingiza jeki. Wakati huo mama mkwe wa Daktari akafika na chakula cha mchana cha mkwewe, maana Daktari alikuwa anaishi nyumbani kwa mama huyo, na mkewe pia, na vitu vyake vyote vilivyokuwa na thamani. Dalali akamsalimia kwa heshima zote, akavuta kiti, wakazungumza na kucheka. Daktari alifurahi. Mteja anayecheka haangalii chini.

Mama mkwe alipoingia dukani kupumzika kwenye benchi, dalali akamsogelea Daktari.

"Mwanangu, umejaliwa mkwe. Ameniambia dada yake anaishi kule juu milimani. Na mimi napita hukohuko. Nimemwambia nampeleka leo hii, bure. Atalala kitandani, mimi naendesha."

"Leo? Kule kwenye makona?"

"Si matairi mapya?"

"Mapya, ndiyo. Lakini mama ana presha."

"Ndiyo maana nasema atalala."

"Na mizigo? Gari likijaa mizigo..."

"Kijana, una wasiwasi na mama, au una wasiwasi na matairi?"

Msidhani dhamiri ya Daktari iliamka. Aliona tu tairi likipasuka kwenye mteremko, mama mkwe bondeni, mkewe akiuliza duka gani lilifunga matairi yale, na yeye barabarani na begi moja.

"Fundi! Fungua yote! Mzee wangu, nimekumbuka kuna mzigo mzuri zaidi umeingia."

"Bei ileile?"

"Ileile," Daktari akasema, na neno hilo lilimuuma kuliko jino.

Turubai likafunuliwa. Safari hii dalali alichuchumaa na viatu vyake vyote, akawasha tochi ya simu, akasoma namba za kila tairi. "Mwaka huu. Mwaka huu. Na hili pia. Fundi, namba ziangalie nje, nipate kuzifurahia." Akalipa, akapanda garini, akawasha.

"Mzee! Na mama?"

"Msalimie sana," dalali akajibu kupitia dirishani. "Nimeuza vikuukuu kwa bei ya vipya tangu hujazaliwa, mwanangu. Siku nyingine ukiwa na cha kuficha, usiniache na mkwe mwenye maneno: kaniambia unalala kwake."

Gari likaondoka na mapazia yake. Daktari akakimbilia ndani.

"Mama, hujaambiwa kuhusu safari ya kwa dada yako?"

"Safari gani?" Mama mkwe akajinyoosha kwenye benchi. "Yule baba ameniuliza kama nina ndugu mbali, nikamwambia. Mimi nipande gari la milimani? Natapika kabla ya kona ya kwanza, unanijua." Akachungulia nje, akayaona matairi yaliyofunguliwa, yanang'aa. "Mbona yale umeyatoa tena?"

"Nilidhani unasafiri nayo, mama. Nikataka... nikataka uende salama."

Alipoisikia sentensi yake mwenyewe, alikuwa ameshachelewa. Uso wa mama mkwe ukabadilika polepole, kicheko kikaisha chote.

"Kwa hiyo ningekufa nayo," akasema. "Na yale uliyomfungia mwanangu, shemeji yako, kwenye pikapu yake jana, uliyatoa wapi?"

Macho ya Daktari yakakimbilia ghalani.

Simu ilikuwa tayari sikioni mwa mama mkwe. "Mwanangu? Uko wapi? Simamisha gari. Nimesema simamisha, teremka, kaa pembeni ya barabara. Shemeji yako anakuletea matairi mengine." Akamkazia macho mkwewe. "Anakuja nayo sasa hivi. Hapana, hulipi kitu."